Binti kapangiwa shule ya kata kijijini, abaki au aletwe mjini? Jibu refu kutoka kwa aliyesoma huko

Wakuu habari za jioni. Mleta mada kauliza kwamba mpwa wake, binti wa dada yake, kapangiwa kidato cha kwanza shule ya kata ndogo huko kijijini wilaya ya Bahi, na familia imegawanyika. Mama wa binti anataka asome hapo hapo nyumbani, mjomba (yeye mleta mada) anataka amlete Dodoma mjini akae kwake asome private. Nimepitia komenti zote, nusu ya watu wanasema shule za kata ni makaburi ya ndoto za watoto wa maskini, nusu nyingine ni "mbona mimi nilisoma huko na nimetusua". Hakuna hata mmoja aliyemwambia jamaa aangalie nini. Mimi nimesoma shule ya aina hiyo 2009 mpaka 2012 upande wa Chamwino, jina la shule naliweka pembeni maana walimu wangu wengine bado wako pale pale, na najua humu wamo. Nitaandika kirefu, asiye na muda apite.

Kwanza tukumbushane hizi shule zilitokea wapi, kwa sababu matatizo yake mengi yanaanzia hapo. Mpango wa MMES, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulianza 2004, halafu 2006 Lowassa akiwa waziri mkuu ndio moto ukawaka, kila kata ijenge sekondari yake. Mwaka 2005 nchi nzima sekondari zilikuwa hazijafika 2,000, kufika 2010 zimeshapita 4,000. Sasa jiulize walimu wa kujaza shule zote hizo ndani ya miaka mitano wangetoka wapi? Ndio wakaja wale tuliowaita voda fasta, vijana wamemaliza kidato cha sita juzi, wanapigwa kozi fupi wanatupwa porini. Watu wanawacheka sana wale ila mimi siwacheki, kuna wawili walinifundisha vizuri kuliko wenye digrii, walikuwa bado wanazikumbuka pepa kichwani na walikuwa vijana, jioni wanacheza mpira na sisi. Majengo walijenga wazazi wetu wenyewe, mawe na mchanga vimebebwa kichwani na kwa mikokoteni ya ng'ombe, asiyekuja kwenye nguvu kazi anapigwa faini ya kuku. Ada ya kutwa enzi zetu ilikuwa 20,000 kwa mwaka, na kuna wazee walikuwa wanauza mbuzi kwa ajili hiyo 20,000. Toka 2016 ada imefutwa, kwa hiyo kwa upande wa hela mama wa binti ana hoja nzito sana, mjomba usiipuuze.

Haya, uzuri wake. Mtu aliyesoma shule ya wanafunzi elfu moja ukimwambia uzuri wa shule ndogo ni kujulikana anaona unamtania. Darasa letu tulianza wengi, tulipofika kidato cha tatu hatukufika arobaini, wengine wameshaenda kuchunga, wengine wameolewa, wengine wamekimbilia Dar. Kwa idadi hiyo hakuna mwalimu asiyekujua kwa jina la baba yako, anajua kwenu mna ng'ombe au hamna, anajua juzi mlilala njaa, anajua ulichelewa kwa sababu korongo lilikuwa limejaa na sio kwa sababu wewe mvivu. Sio kwamba hawakuchapi, fimbo zilikuwepo tena za mkwaju, ila unachapwa na mtu anayejua anamchapa nani, na kesho yake huyo huyo anakuuliza umekula.

Kuna jamaa yangu kidato cha pili baba yake alimtoa shule kiangazi kimekaza, malisho yameisha, ng'ombe wanatakiwa kupelekwa mbali na mtoto wa kiume wa kwenda nao ni yeye. Mkuu wetu wa shule alikuwa Mhaya, Kigogo chake cha kuokoteza kabisa, alipanda pikipiki yake ile ya kelele akaenda mpaka kwenye tembe lao, akafika akamsalimia mzee "mbukwa" kwa lafudhi ya Bukoba, mzee akacheka mpaka akakohoa. Wakakaa chini ya mti mchana mzima. Hakumtishia mzee kwa mtendaji wala polisi, waliongea habari za ng'ombe tu, mwisho wakakubaliana kijana arudi na ndugu yake mwingine aende na mifugo. Leo huyo jamaa ni mtendaji wa kijiji na yeye ndio anazunguka kutafuta watoto watoro. Niambie shule gani kubwa ya mjini mkuu wa shule atapanda pikipiki kumfuata mtoto mmoja. Atajuaje hata kama hayupo?

Halafu kwenye shule ndogo unafanywa kila kitu. Timu ya mpira haitimii bila wewe hata kama miguu yako ni mbao, kwaya wewe, midahalo wewe, bustani ya shule wewe. Mimi nilipewa ukiranja wa taaluma kwa sababu tu waliobaki hawakuutaka, na ukiranja huo ulikuja na ufunguo wa kabati la vitabu. Kabati moja tu wakuu, lakini ufunguo nilikuwa nao mimi. Saa nane wenzangu wanaondoka mimi nabaki nasoma kitabu ambacho wenzangu wanakitumia watano watano. Kwenye shule kubwa nisingeugusa ufunguo wowote, nilikuwa mtoto mpole na mwenye aibu, ningepotelea nyuma ya darasa huko miaka minne.

Na kuna vitu nilifundishwa kwa uhai ambavyo wenzangu wa mjini walivikariri. Mwalimu wetu wa jiografia alitupeleka kwenye korongo la kijiji kutuonyesha mmomonyoko wa udongo, tukasimama ndani kabisa tunaona matabaka ya ardhi, akatuhadithia mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulioanza 1973 na jinsi 1979 mifugo yote ilivyotolewa kule Kondoa ili ardhi ipumue. Wazee wa kijijini kwetu kumbe walikuwa wanaikumbuka hiyo habari, nyumbani nikauliza nikapewa somo lingine la bure. Swali la mmomonyoko lilipokuja kwenye mtihani sikuhitaji notsi. Huyo mwalimu ndio sababu mimi leo nafanya kazi kwenye miradi ya maji vijijini, na nasema hivyo bila kutia chumvi.

Sasa tuje kwenye ubaya, na hapa nataka mleta mada usome pole pole. Watu wanalalamikia madirisha hayana vioo, vyoo, madawati, sawa vyote vipo, lakini mtoto anavumilia hivyo na anafaulu. Kinachomfunga mtoto ni mwalimu wa fizikia. Shule ndogo ina mwalimu mmoja wa somo moja, akiondoka yule somo limekufa. Kwetu alikuwepo dada mmoja anafundisha fizikia na hesabu, mzuri kweli kweli, akapata uhamisho kumfuata mumewe, tukiwa kidato cha kwanza mwishoni. Basi. Kuanzia hapo fizikia ikawa ni monita kupewa kitabu anakopi ubaoni na sisi tunakopi daftarini, hakuna anayeelewa hata yeye monita mwenyewe. Hesabu akapewa mwalimu wa Kiswahili aishikilie, na kwa kweli aliishikilia tu, hakuifundisha.

Kidato cha tatu mnatakiwa kuamua kuendelea na sayansi au kuacha, maana fizikia na kemia zinakuwa za hiari. Tukaambiwa chagueni mnachotaka. Ukichagua fizikia utafundishwa na nani? Kimya. Karibu darasa zima tukaenda sanaa. Walibaki wabishi wachache waliokuwa wanakwenda tusheni mjini wakati wa likizo, wanalala kwa ndugu, na mtihani wa vitendo ulipofika vifaa viliazimwa shule nyingine, wengine ndio wanaishika mizani ya maabara kwa mara ya kwanza siku ile ile ya NECTA mikono inatetemeka. Mmoja wa wale wabishi alitaka kuwa nesi toka darasa la tano. Hakuwa kilaza, alikuwa kipanga kuliko mimi. Sasa hivi ana genge pale sokoni, anaendelea vizuri na simdharau, ila unesi uliondoka na uhamisho wa mwalimu mmoja.

Baadaye Kikwete akaagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, mnakumbuka michango ya 2014 na 2015 ilivyokuwa, mpaka baiskeli za watu zilishikwa. Sisi tulikuwa tumeshatoka. Nilipita pale miaka michache baadaye, majengo yamesimama, moja ni la kemia kweli, jingine linatumika kama darasa na jingine wameweka madawati mabovu. Jengo bila mwalimu na bila vifaa ni chumba tu wakuu. Sasa wameleta tahasusi mpya (michepuo ya masomo ya kidato cha tano na sita) toka 2024, jumla zimefika 65, na mtaala mpya una mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, kwenye makaratasi mtoto ana uwanja mpana kweli, lakini kijijini uwanja unakuwa na upana wa walimu waliopo ofisini.

Mjue pia mimi ni wa ule mwaka wa balaa, 2012. Matokeo yalitoka Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima wamepata divisheni sifuri, yaani wamefeli. Shule yetu tulihesabu wenye four kwa vidole. Serikali ikayafuta ikayapanga upya mwezi wa tano, mimi nikatoka divisheni four nikawa three, nikapata mchepuo wa HGK (historia, jiografia na Kiswahili). Watu walilaumu wanafunzi kwamba wanachora picha na kuandika bongo fleva kwenye karatasi za majibu, sikatai, ila nawaambia sababu iliyokuwa kwetu. Tulitoka nyumbani tunaongea Kigogo, shule ya msingi Kiswahili, kidato cha kwanza ghafla kila kitu Kiingereza. Mwalimu anaandika ubaoni kwa Kiingereza, anaeleza kwa Kiswahili, na akikuona hujaelewa anamalizia kwa ishara. Unaelewa somo, unatoka umefurahi, ukija kwenye mtihani swali husomi. Mtoto wa English medium wa mjini alikuwa anajibu kitu ambacho mimi nakijua zaidi yake ila yeye ana maneno. Hili halijabadilika sana, binti atakutana nalo.

Njaa na maji nisirefushe. Mvua kwetu ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, ikigoma mwaka huo darasa linapungua lenyewe. Asubuhi kila mtu na dumu lake la maji ya kumwagilia na ya walimu, ya kuchimba kwenye mchanga wa korongo. Chakula cha mchana kilikuja siku za mwisho mwisho, makande, kila mzazi anatoa debe lake. Kabla ya hapo unatoka saa nane unafika nyumbani ndio unakutana na ugali wa uwele na mlenda. Mwalimu mkuu wa sasa muulizeni kama watoto wanakula shuleni, usione ni swali dogo, kipindi cha mwisho hakuna anayesikia kitu tumbo likiwa tupu.

Lakini kwa binti kuna swali moja kubwa kuliko hata fizikia. Atalala wapi? Mleta mada hujasema kutoka kwa dada yako mpaka shuleni ni umbali gani, na kijijini kata inaweza kuwa na vijiji vitatu vinne vimetawanyika, shule iko kijiji kimoja. Sisi wa mbali tulipanga mageto, chumba cha tembe watoto watatu, mnajipikia, kibatari kimoja, Ijumaa mnarudi nyumbani kufuata unga. Kwa wavulana ilikuwa ni shida za kawaida. Kwa wasichana ilikuwa ni hatari tupu, na wote mliokulia huko mnajua. Mtoto wa miaka kumi na nne anakaa peke yake hana mkubwa, unga umeisha Jumatano, kijana wa bodaboda anamletea chipsi na kumpa lifti ya kwenda shule, wewe unategemea nini? Kwenye darasa letu wasichana walioondoka kwa mimba karibu wote walikuwa wa mageto, waliokuwa wanatoka kwa mama zao walimaliza. Enzi zile ukikutwa nayo unafukuzwa moja kwa moja. Sheria ya 2016 ilikuja na miaka 30 jela kwa anayempa mwanafunzi mimba, na toka mwishoni mwa 2021 waraka unaruhusu mabinti warudi shule baada ya kujifungua, hayo ni mazuri sana, ila kesi nyingi za huko zinamalizwa kwa ng'ombe wawili chini ya mti kabla hazijafika popote. Kwa hiyo usiitegemee sheria ikulindie mtoto. Mlinde kwa kitanda chake.

Kidato cha tano nilipelekwa shule kubwa ya bweni mkoa mwingine, ya zamani, ya wavulana mamia. Maktaba, maabara, umeme, walimu watatu wa somo moja. Muhula wa kwanza wote hakuna mwalimu aliyenijua jina. Niliumwa malaria siku kadhaa na darasani hakuna aliyeuliza. Nilitamani kurudi kwetu nichapwe na Mhaya wangu. Ila pia ndio mahali nilipokutana na watu wanaosoma usiku mpaka saa saba bila kuambiwa na mtu, nikagundua kwamba kule kwetu mimi kuwa wa kwanza darasani kulikuwa hakumaanishi kitu. Hilo nalo ni ubaya wa shule ndogo, unakuwa jogoo wa banda dogo, hakuna wa kukukimbiza. Baada ya hapo UDOM, na pale tulikuwa wengi sana wa shule za kata, tulijuana kwa Kiingereza chetu.

Sasa ushauri. Mleta mada ingia kwenye tovuti ya NECTA, fungua matokeo ya kidato cha nne ya hiyo shule ya mwaka jana na mwaka juzi. Achana na wangapi wana one na wangapi wana sifuri, shuka mpaka chini kabisa kwenye jedwali la masomo. Angalia fizikia na kemia wamefanya watu wangapi. Kama darasa lina watu sitini na fizikia wamefanya wanne, ujue hakuna mwalimu, au yupo jina tu. Kama wamefanya ishirini na nusu wamefaulu, kuna mtu pale anafanya kazi, tena hiyo ni shule ya kuheshimu. Hesabu iangalie pia lakini hesabu inafelisha nchi nzima, isikutishe sana. Halafu nenda mwenyewe siku ya kazi, sio siku ya kikao cha wazazi, nenda Ijumaa saa sita mchana uone walimu waliopo ofisini ni wangapi. Muulize mwalimu wa fizikia ana muda gani pale na familia yake iko wapi. Mwalimu ambaye familia iko mjini atahama, huo ni ukweli wa dunia na simlaumu.

Msimamo wangu mimi, kama binti anatoka nyumbani kwa mama yake kwa mguu na kurudi kabla ya giza, na fizikia ina mwalimu, mwache asome huko angalau mpaka mtihani wa kidato cha pili. Atajulikana, atakula kwa mama yake, na hela ambayo ungelipa private mnunulie vitabu na umlete mjini kila likizo asome tusheni ya Kiingereza na hesabu, hapo utakuwa umefanya kitu ambacho sisi hatukukipata. Kama fizikia hakuna mwalimu na yeye anasema anataka mambo ya afya, usisubiri, mhamishe kabla hajaingia kidato cha tatu maana mlango ukifungwa pale haufunguki tena. Na kama ni wa kukaa geto, mchukue kesho, hata kama hiyo shule ina profesa wa fizikia.

Ila mjomba na wewe ujitazame. Toka serikali ihamie Dodoma mjini kodi zimepanda, wewe mwenyewe umesema unakaa vyumba viwili na familia. Binti atalala wapi? Ataamka saa ngapi kupanda daladala? Nimeona mabinti wengi wa vijijini wanaletwa mjini "kusoma", kumbe asubuhi anaosha vyombo vya nyumba nzima na jioni anabeba mtoto wa shangazi, daftari anafungua saa nne usiku amechoka. Na bodaboda wa Nkuhungu huko mjini na wa Bahi ni wale wale. Kaeni na mke wako muongee hilo kwanza kabla hujamwambia dada yako chochote, maana binti akija halafu akarudishwa katikati ya mwaka nafasi yake kule itakuwa na maneno mengi.

Weka hapa umbali wa kutoka nyumbani mpaka shule na hayo matokeo ya fizikia ukishayaona, tutajua tunaongea nini. Na kama kuna mwalimu wa upande wa Bahi humu ndani anayezijua hizo shule za huko, amsaidie jamaa hata kwa inboksi.